Bwana Asiye na wa Kumwuliza: Uhakiki wa "Maji ya Mirihi"

UTANGULIZI

Makala haya yanakusudia kuhakiki toleo maalumu moja la mfululizo wa televisheni wa Uingereza uitwao Doctor Who. Toleo hilo, The Waters of Mars, yaani "Maji ya Mirihi", lilionyeshwa na BBC tarehe 15 Novemba 2009. Liliandikwa na Russell T Davies akishirikiana na Phil Ford, na kuongozwa na Graeme Harper. Mwaka 2010 lilipata tuzo ya Hugo, ambayo huheshimiwa sana miongoni mwa waandishi na wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi.

Huenda msomaji akauliza: Jarida la chuo cha theolojia lina shughuli gani na hadithi ya safari za sayari nyingine? Jibu ni kwamba filamu hii yauliza swali ambalo nasi hatuna budi kuliuliza kila mwaka katika madarasa yetu: Ni nani mwenye haki ya kuokoa, naye anayeokolewa ana sauti gani katika wokovu wake? Davies amesema hadharani kwamba yeye haamini kuwako kwa Mungu. Hakuandika mahubiri, wala hatuna nia ya kumbatiza kwa nguvu. Yatosha kumsikiliza kwa makini, kama tunavyomsikiliza shahidi yeyote aliyeona jambo.

Hoja yetu ni hii. Filamu hii yaonyesha kwa usahihi mkubwa jinsi rehema inavyogeuka kuwa enzi pale mwokozi anapoacha kumsikiliza anayeokolewa. Lakini katika dakika zake za mwisho filamu yenyewe yatenda kosa lile lile inalomshtaki nalo shujaa wake.

HADITHI KWA UFUPI

Kwa wasioufahamu mfululizo huu, maelezo machache yanahitajika. Doctor Who ulianza tarehe 23 Novemba 1963. Ulisimama mwaka 1989, ukatolewa filamu moja mwaka 1996, kisha ukarejea mwaka 2005 chini ya usimamizi wa Davies. Shujaa wake huitwa Daktari tu. Yeye ni wa jamii ya Mabwana wa Wakati, na husafiri katika wakati na anga kwa chombo chenye umbo la kibanda cha buluu cha polisi wa Kiingereza wa zamani. Katika miaka tunayoizungumzia, jamaa zake wote walikuwa wameangamia vitani, naye alijiona kuwa ndiye wa mwisho aliyesalia. Kwa kawaida husafiri na mwenzi, mara nyingi binadamu. Katika filamu hii, ambapo Daktari aliigizwa na David Tennant, hana mwenzi. Neno hilo la mwisho msomaji alishike, kwa maana tutalirudia.

Daktari anafika katika sayari ya Mirihi, kwenye kituo cha kwanza cha wanadamu huko, chenye watu tisa chini ya Kapteni Adelaide Brooke, aliyeigizwa na Lindsay Duncan. Mara anapoyasikia majina yao na kutambua tarehe, yaani 21 Novemba 2059, anataka kuondoka. Historia aijuayo yasema kwamba siku hiyo kituo kililipuliwa kwa bomu la nyuklia, wote wakafa, na huko duniani hakuna aliyejua sababu. Kifo cha Adelaide kilimtia moyo mjukuu wake Susie, ambaye baadaye aliwaongoza wanadamu kuzifikia nyota za mbali. Kwa hiyo tukio hilo ni miongoni mwa matukio ambayo, kwa kanuni za hadithi hizi, hayaruhusiwi kubadilishwa.

Sababu ya maafa ni maji. Kituo hunywa maji yatokanayo na barafu iliyo chini ya ardhi, na chujio moja limeharibika. Ndani ya maji hayo mna kitu chenye uhai ambacho humteka mtu kwa tone moja. Bustani iliyo chini ya paa la kioo, ambayo picha zake zilipigwa katika Bustani ya Taifa ya Mimea ya Wales, ndipo ugonjwa unapoanzia: mtunza mboga anauma karoti, na muda si mrefu si yeye tena. Sehemu hii ya kwanza ni hadithi ya kutisha ya kawaida, yenye kukimbia kwingi katika njia nyembamba, nasi hatuna haja ya kukaa hapo.

MLANGONI

Filamu inakuwa kubwa pale Daktari anapofika mlango wa kutokea nje, amevaa vazi la anga, tayari kwenda zake. Adelaide anaufunga mlango kutoka chumba cha uongozi na kumtaka aseme anachokijua. Naye anasema. Anamwambia kwamba leo atakufa, na kwamba kifo chake kitazaa matunda: mjukuu, safari, vizazi vitakavyokaa kati ya nyota. Anamkumbusha jambo lililompata alipokuwa mtoto wa miaka kumi, wakati Dalek, adui asiyejua huruma, alipomtazama dirishani kisha akaenda zake bila kumdhuru. Pengine, asema Daktari, hata adui yule alitambua kwamba siku ya mtoto huyu ilikuwa imekwisha kuwekwa.

Ndugu zangu wachungaji wataitambua lugha hii. Ni hotuba ya mazishi, ila marehemu bado yu hai na anasikiliza. Kila tusimamapo kando ya jeneza tukasikia watu wakisema kwamba kazi ya Mungu haina makosa, au kwamba siku yake ilikuwa imefika, twasikia jambo linalofanana na maneno ya Daktari mlangoni. Katika mantiki ya hadithi, kila alichosema ni kweli. Mjukuu atakwenda nyotani. Lakini ukweli huo haumfai kitu mwanamke anayesimama mbele yake. Adelaide haombi maelezo ya makusudi ya kifo chake, aomba msaada. Anaponyimwa, anaufungua mlango kwa laana.

Kinachofuata ni dakika chache zilizo bora kuliko zote katika filamu. Daktari anatembea polepole juu ya ardhi nyekundu, na redio ya kofia yake haikuzimwa. Kamera inamtazama yeye, sauti ni za wale aliowaacha. Steffi, aliyezingirwa na maji ndani ya chumba, anawasha video ya binti zake wawili ili nyuso zao ziwe kitu cha mwisho atakachokiona. Roman, kijana, anaangukiwa na tone moja, naye anawaambia wenzake wamwache wakimbie. Mwongozaji angeweza kutuhurumia kwa kukata sauti. Hakufanya hivyo, na hapo ndipo ilipo hekima yake. Ajuaye, au adhaniye kwamba ajua, kwa nini watu wanakufa, walau asikie wanavyokufa. Bwana wetu alipowataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13) hakutoa maelezo ya makusudi ya vifo vyao. Wanafunzi wetu wangefanya vyema kuitazama sehemu hii kabla ya kuandika hotuba yao ya kwanza ya mazishi.

BWANA MSHINDI

Chombo cha kurudia duniani kinalipuka. Naibu wa Adelaide, Ed Gold, amekilipua mwenyewe ili maji yasifike duniani. Mshindo unamwangusha Daktari. Anainuka, anageuka, anarudi kituoni.

Hapa mtazamaji anashangilia, na ndivyo waandishi walivyokusudia. Nani asiyetaka mwenye uwezo arudi? Lakini uso unaorejea si uso ule ulioondoka. Daktari asema, kwa maneno yetu, kwamba sheria za wakati zilikuwa na wenye kuzisimamia, na hao wote wamekufa. Amebaki yeye peke yake, basi sheria hizo ni mali yake na zitamtii. Kwa miaka mingi alijiona kuwa manusura tu wa vita ile. Sasa anajiona kuwa mshindi wake, naye anajiita Bwana wa Wakati Mshindi.

Kwa Kiswahili jina hilo lina uzito kuliko kwa Kiingereza cha siku hizi. Neno "Bwana" sisi twalitumia kila Jumapili, na maungamo ya kwanza kabisa ya Kanisa ni kwamba Yesu ni Bwana. Ndiyo maana msikilizaji wa Kiswahili husikia mapema zaidi kwamba kuna jambo lililoharibika. Bwana yule wa Wafilipi 2 alijifanya hana utukufu, na katika Mathayo 4 alikataa kuutumia uweza wake ili kuthibitisha yeye ni nani. Huyu wa Mirihi anauokota uweza ule ule ambao yule aliukataa jangwani.

Hatusemi kwamba Davies aliandika fumbo la Kristo na mpinga Kristo. Twasema kwamba alieleza kwa usahihi kile ambacho Luther, katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518, alikiita teolojia ya utukufu, yaani kumtafuta Mungu katika uweza unaoonekana na kuuruka msalaba. Tena filamu yaongeza jambo ambalo vitabu vyetu huligusa kwa nadra, nalo ni chanzo cha tamaa hiyo. Daktari hakuanza na kiburi, alianza na msiba. Amefiwa na watu wake wote, amewapoteza wenzi wake mmoja baada ya mwingine, na tangu matoleo yaliyotangulia ametabiriwa kifo chake mwenyewe. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini huyu hana mkuu wa kumsikia. Wakuu wote wamekufa, na mwenzi wa kumshika mkono hayupo. Anayeiona huzuni yake kuwa ndiyo cheti cha mamlaka ni mtu wa kuogopwa, na watu wa namna hiyo wamo pia miongoni mwa watumishi wa Mungu.

POMPEII NA MIRIHI

Ili kuliona kosa lake kwa usahihi, yafaa tulinganishe na hadithi nyingine ya mfululizo huu huu. Katika The Fires of Pompeii, iliyoonyeshwa mwaka 2008, Daktari na mwenzi wake Donna Noble wanajikuta Pompeii siku mlima Vesuvio unapolipuka, mwaka 79 baada ya Kristo. Hilo nalo ni tukio lisilobadilishwa. Daktari anaondoka akiwaacha watu katika moto. Donna, akilia, anamsihi arudi. Asiuokoe mji wote, amwokoe walau mtu mmoja. Naye anarudi, anainyoshea familia moja mkono, nao wanaupokea.

Kwa mtazamo wa sheria, matendo haya mawili yanakaribiana sana: mara zote mbili Daktari anawatoa watu wachache katika maangamizi yaliyowekwa. Kwa nini basi moja latufariji na jingine latutia hofu? Jibu rahisi ni kwamba Pompeii haikubadilisha historia, kwa kuwa familia ile haikuwa na jina kubwa. Jibu hilo halitoshi. Pompeii kulikuwako mtu aliyeomba, mkono ulionyoshwa, na watu walioupokea. Daktari aliokoa kwa kushindwa, yaani alishindwa na machozi ya Donna. Mirihi anaokoa kwa kushinda. Ni kweli kwamba Adelaide aliomba msaada mlangoni, lakini ombi lile lilikataliwa, na tangu hapo mambo yalibadilika. Sasa yeye mwenyewe ameamuru kituo kilipuliwe, kwa sababu anajua kwamba tone moja likifika duniani, dunia yote imekwisha. Kifo alichosimuliwa kama ajali ya historia amekifanya kuwa kazi yake. Daktari haulizi tena. Anawatoa Adelaide, Yuri na Mia, na kuwatua katika mtaa wenye theluji huko London, mbele ya mlango wa nyumba ya Adelaide, akitazamia shukrani.

Shukrani haiji. Mia anakimbia kwa hofu, na Yuri anatumwa amfuate. Daktari, akijisifu, asema kwamba zamani aliwahi kuwaokoa watu wadogo, lakini sasa ameokoa mtu mkubwa kama Adelaide. Naye Adelaide anamwuliza, kwa maneno mengine: Mdogo ni nani, na ni nani aliyekupa kazi ya kupima? Swali hilo ndilo kiini cha filamu nzima. Mwenye kuokoa kwa ajili ya utukufu wake hana budi kuwapanga watu kwa thamani yao, maana kumwokoa mtu mkubwa humletea utukufu mkubwa. Mwenye huruma, kama msafiri wa Samaria, humwona aliye mbele yake tu.

KIFO CHA ADELAIDE

Hadi hapa twaisifu filamu. Sasa yatupasa kuishtaki.

Adelaide anasema kwamba mtu hapaswi kuwa na uwezo mkubwa kiasi hicho, kwamba Bwana Mshindi amekosea. Anaingia ndani ya nyumba yake. Daktari anageuka aende, na nyuma yake mwanga wa silaha unawaka dirishani. Amejiua. Mara moja historia inajirekebisha: kumbukumbu zasema sasa kwamba alifia duniani, na mjukuu anakwenda nyotani kama ilivyokuwa imeandikwa. Daktari anashikwa na hofu, anamwona kiumbe wa jamii ya Ood amesimama thelujini, anakiri kwamba amevuka mpaka.

Tazameni kilichotendeka. Kifo cha mwanamke huyu kimefanya kazi mbili, nazo zote si zake. Kwanza kimeirudisha historia mahali pake. Pili kimempa Daktari fundisho. Yeye mwenyewe anafia nyuma ya pazia. Hatukuonyeshwa alivyofunga mlango, wala kama kulikuwako mtu ndani, wala alichokitazama kwa mara ya mwisho. Steffi alipewa binti zake. Adelaide hakupewa kitu, ila mwanga wa kumshtua mwanamume aliye nje. Filamu iliyotulazimisha kusikiliza kwenye redio wanavyokufa watu sasa yaizima redio. Yuri na Mia nao hawaonekani tena katika filamu. Twasoma tu kwamba walisimulia. Waandishi walikuwa na njia nyingine. Adelaide angeweza kuishi na kumkana Daktari uso kwa uso, na kumwacha na lawama ya mtu aliye hai, ambayo ni nzito kuliko lawama ya maiti.

Jambo hili si dogo kwetu. Filamu yamfanya anayejiua kuwa shujaa aliyeweka mambo sawa. Baadhi ya sharika zetu, kwa upande wao, zimezoea kumfanya kuwa mkosaji asiyestahili ibada ya mazishi, na familia yake huzika kimya kama wenye aibu. Njia hizi mbili zaonekana kuwa mbali, lakini zafanana: zote zina haraka ya kukitumia kifo kile, moja kwa fundisho la ujasiri, nyingine kwa fundisho la onyo. Hakuna inayouliza mtu yule alikuwa amebeba nini aliposimama peke yake mlangoni. Wala filamu haisemi neno ambalo mchungaji angelazimika kulisema mtaani pale, kwamba mtu aliyeponyoka maangamizi usiku huo huo, aliyepoteza wenzake sita, asiachwe aingie ndani peke yake. Daktari alimwokoa kisha akamwacha kizingitini. Hilo ndilo kosa lake la pili, na filamu haikuliona.

HITIMISHO

Maji yakimwagika hayazoleki. Daktari wa Mirihi alitaka kuwa yule mmoja awezaye kuyazoa, na kwa muda mfupi aliweza. Ila hakuwa na wa kumwuliza ayazoe kwa ajili ya nani. Hadithi iliyofuata, The End of Time, iliyoonyeshwa tarehe 25 Desemba 2009 na 1 Januari 2010, yamwanzisha kwa mzaha, akisimulia alivyokwepa mwito wa kifo chake kwa starehe, na uzito wa kosa la Mirihi wapungua upesi mno. Huo ni udhaifu wa waandishi.

Hata hivyo mwisho wa hadithi hiyo wamjibu Adelaide, ingawa jina lake halitajwi hapo. Mzee aitwaye Wilfred Mott amefungiwa katika chumba cha mionzi, na wa kumtoa hana budi kuingia mahali pake na kufa. Daktari kwanza anaghadhibika. Asema wazi kwamba mzee huyu si mtu wa maana, na kwamba yeye mwenyewe angeweza kufanya mengi zaidi. Mizani ile ya wakubwa na wadogo yarudi mbele yetu kama ilivyokuwa London. Mzee mwenyewe anamsihi amwache. Kisha Daktari anaacha kupima, anaingia na kumtoa.

Kwa hiyo twapendekeza filamu hizi mbili zitazamwe pamoja na kujadiliwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kabla hawajakabidhiwa sharika. Watakwenda mahali ambapo wataitwa usiku, watapewa funguo za nyumba na siri za watu, na wengi watawatii bila kuwauliza. Mjadala uanze na swali la Adelaide, na kila mwanafunzi ataje ni nani katika usharika wake wa mazoezi mwenye ruhusa ya kumwuliza swali hilo yeye mwenyewe.